Maji Tuliyoyaziba Mkunya

Miaka ile ya soko huria, wazungu wa mafuta walipoleta mtambo wa kuchimba karibu na kwetu Mkunya, mtaalamu wao wa miamba nilikuwa mimi. Nilikaa mbele ya kompyuta kutwa nzima nikikadiria jinsi miamba ya chini inavyolibana shimo. Tope la kuchimbia, lile linalojazwa shimoni kuzishikilia kuta, likiwa jepesi, kuta zinaporomoka. Likizidi uzito, mwamba unapasuka. Wallahi, nililijua lile shimo kuliko nilivyomjua mama yangu, naye alikuwa akiishi mwendo wa nusu saa tu kutoka pale.

Maji tuliyakuta, tena mengi, kwenye tabaka la mchanga uliolegea. Tukayaziba kwa bomba la chuma na saruji, tukaendelea kuteremka kutafuta mafuta. Mafuta hatukuyapata. Siku ya kufunga shimo msimamizi akaniuliza: tukilitoboa bomba pale penye maji, tuwaachie wenyeji kisima, litastahimili? Kuipiga hesabu hiyo kulitaka siku mbili. Gari la kampuni la kunirudisha Dar lilikuwa linaondoka kesho yake, na vumbi la kwetu lilikuwa limenichosha. Nikamwambia halitastahimili. Sikupiga hesabu yoyote. Wakalijaza shimo saruji mpaka juu.

Jioni nikaenda kumuaga mama. Kama kawaida aliniwekea ndoo nzima ya kuogea, maji aliyoyateka mwenyewe bondeni, na mimi bila haya nikayamaliza yote. Dada yangu mkubwa akanikata jicho.

"Umeoga vizuri? Au tukaoshe na gari lako?"

"Mwache mwenzio," mama akasema. Kisha akanigeukia. "Mwanangu, huko chini mlikochimba, maji hamkuyaona?"

"Hakuna, mama. Mwamba mtupu."

"Haya. Mungu ndiye anayejua."

Nilipofika Dar nikaipiga ile hesabu, kwa ujuba tu, nijithibitishie kwamba sikukosea. Bomba lingestahimili.

Mwaka uliofuata ikaja telegramu: mama ameteleza kwenye njia ya bondeni, ameumia vibaya. Nilipofika nyumbani alikuwa ameshafariki, na ndani hapakuwa na maji ya kumwoshea. Majirani walileta madumu yao, dada akawakatalia katakata. Akaitupa ndoo ya mama miguuni pangu, mbele ya wanaume wote waliokaa mkekani.

"Ulikuwa ukiyaoga tu. Leo utateka wewe."

Kwetu mwanamume habebi ndoo kichwani. Nikaibeba. Nikashuka njia ile ile, nikapapita pale alipoteleza, nikateka. Kupanda ndiko kulikonimaliza: shingo iliwaka moto, maji yakanimwagikia usoni na mgongoni. Nililia njia nzima.

Nilipoitua ndoo mlangoni, maji yalikuwa yamebaki nusu. Dada akachungulia ndani yake.

"Hayatoshi," akasema. "Rudi."