Siku Wazee wa Fanfari Waliposhuka Kamina

Andika hivi, mjukuu wangu: baba yangu alizaliwa Katoto, karibu na Bukama, na mama yangu kando ya ziwa Kisale, kwa watu wa samaki. Majina yao unayajua. Usiyaweke hapa, hawakupenda kuitwaitwa. Mimi nilizaliwa Kamina, kwa kuwa baba alikuwa ameajiriwa huko kubadilisha njia za treni. Keti wima, wewe si gunia.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, na nyumbani mwake ngoma haikuingia. Hata mama, akitwanga mihogo kwa mapigo mazuri mno, aliambiwa apunguze. Sasa kijana aliyekuja kuniposa, yaani babu yako, alikuwa seremala kwenye ujenzi wa Base, ile kambi ya jeshi, naye alikuwa na gramafoni aliyoinunua kwa karani mmoja wa Kasai aliyekuwa akihamishwa. Kwa baba, kijana mwenye gramafoni alikuwa sawa na kijana mwenye kilabu cha pombe.

Lakini babu yako hakuwa mjinga. Siku moja ya yenga, yaani Jumapili, baada ya ibada, alikuja na sahani moja tu ambayo karani alimwachia. Ilirekodiwa na fanfari, bendi ya matarumbeta, ya misheni fulani ya upande wa Kasai, na Kamina nzima hapakuwa na mtu aliyepata kusikia habari zake. Akazungusha mpini, akashusha sindano. Matarumbeta yakatoka polepole, mazito, yakiburuta miguu kama watu wanaopandisha jeneza mlimani. Baba akavua kofia.

"Hawa njo bazee," akasema. "Sikia pumzi yabo. Bamezika bantu mingi hawa."

Tangu hapo babu yako alikaribishwa kila yenga. Msiba ukitokea mtaani, gramafoni ilipelekwa na kuwekwa karibu na jeneza. Nilijifunza kulia kwa kuifuata sahani ile. Nilijua ni wapi pa kupandisha sauti. Lakini kila babu yako alipouliza habari ya posa, baba alijibu: "Siku bale bazee batapiga mbele ya macho yangu, njo siku nitapokea mahari." Kasai ilikuwa mbali, na wazee hawasafiri ovyo, baba alijua alichokuwa anasema. Wenzangu wote waliolewa, mimi nikabaki nikisikiliza matarumbeta.

Kisha babu yako akaja mbio kutoka stesheni. Fanfari ileile ilikuwa inasafiri kwenda kusini, nayo ingesubiri Kamina mchana mzima ili kubadilisha treni! Baba akaazima viti vya kanisa, akavipanga kivulini pale stesheni. Mama akaagizwa kupika bukari, ugali wetu, laini na samaki aliyetolewa miiba, kwa ajili ya meno ya wazee.

Treni ikasimama. Wakashuka wavulana waliovaa kaptura, wakipokezana matarumbeta madirishani.

"Batoto," baba akawaambia, "musaidie bazee bashuke."

"Bazee gani, tata?"

"Bazee ba fanfari."

"Fanfari njo sisi," akajibu kiongozi wao, kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinafikiri.

Baba akamtazama babu yako. Babu yako akaitazama treni kana kwamba anauliza kama kuna nafasi.

Wakapiga wimbo uleule. Nilikitambua kila kipande chake, lakini ulipita mbio kama mbuzi waliofunguliwa shambani. Kumbe ulikuwa wimbo wa kucheza! Wapagazi wakaacha mizigo. Mama alikuwa ameshika bakuli la samaki, na mabega yakamtoroka. Nami nikajisemea: basi, siolewi tena.

Baba akainuka. "Simameni! Muko nakimbilia wapi? Wimbo munauharibu."

"Tata, sisi njo tuliupiga kwenye sahani."

"Minyi nausikilizaka kila yenga. Weye unaupigaka lini?"

Akaagiza gramafoni iletwe. Babu yako akazungusha mpini, akashusha sindano. Wavulana walisikiliza kidogo tu, kisha mmoja akaanguka chini kwa kicheko.

"Tata, springi imechoka, inazungusha sahani polepole! Muzee ni mashini, hapana sisi!"

Babu yako akadhani ameona pa kuponea. "Kweli, tata, nitaipeleka kwa fundi, kesho itakuwa..."

"Ukiigusa ile springi," baba akasema, "mutoto wangu hautamuona tena."

Akawageukia wavulana, akawaamuru wapige kama mashini inavyopiga. Walikuwa watoto wa misheni. Mtu mzima akiamuru, wao hutii. Yule mdogo, aliyebeba tarumbeta kubwa kuliko yeye, aliishikilia sauti moja mpaka mashavu yakawa maboga, na mwenzake akalazimika kumpiga mgongoni ili apumue. Baba akaketi kwenye kiti kimoja cha wale wazee, akavua kofia, akalia mchana kweupe mbele ya wapagazi.

Wimbo ulipokwisha, akajipangusa uso. "Bazee nimebasikia," akamwambia babu yako. "Ambia bantu yako balete mahari."

Wavulana wakaimaliza bukari laini, wakauliza nyama iko wapi.

Sasa andika ya kutunza. Gramafoni iko chini ya kitanda changu, na sahani imefungwa ndani ya kitenge cha mama. Usiviuze, wala usiviazimishe kwa harusi. Springi isiguswe na fundi yeyote, hata akija na cheti. Siku yangu ikifika, nipigiwe sahani ile. Ukiona waombolezaji wanatikisa mabega, ujue kuna mtu ameitengeneza springi. Mtafute kabla hamjanizika.