Nafasi ya Kabange

Kwenye chuo chetu cha Kamina, Mama Mathilde ndiye anayebandika matangazo ukutani, pale tunapopaita valve. Siku bourse ya mwenzetu Kabange, yaani ufadhili wake wa masomo, ilipotoka, Mama alimwita kwa sauti mara tatu. Hatukujua kwamba Kabange alikuwa amekwisha kufa maji kule Bukama, akienda kumwona mama yake.

Tangu hapo Mama husoma kila tangazo kwa sauti, akiangalia mbele katikati, alipozoea kusimama Kabange. Siku moja nilicheka. Akanigeukia.

"Minyi namusomea Kabange. Weye nyamaza."

Sijacheka tena. Wanafunzi wapya hawakumjua Kabange, wala hakuna aliyewaambia. Lakini wakisongamana kwenye valve, mbele katikati wanaacha nafasi ya mtu mmoja.