Programu Aliyoichagua Mama Berthe

Mimi naitwa Isidore, kazi yangu kuchapa. Naendesha mashine ya ofseti katika imprimeri ya Papa Adolphe, hapa Likasi, na mtu akitaka kunikasirisha aniambie kuchapa ni kubonyeza tu. Kubonyeza! Kabla karatasi haijafika kwangu kuna mtu ameshaumiza kichwa juu yake. Kwetu mtu huyo alikuwa Mama Berthe.

Nieleze, maana wengi hawajui. Kitabu hakichapwi ukurasa kwa ukurasa. Karatasi moja kubwa inabeba kurasa nane mbele na nane nyuma, nyingine zimesimama wima, nyingine kichwa chini, na ukurasa wa kwanza unakaa jirani na wa kumi na sita. Ukiikunja mara tatu na kuikata, zinajipanga zenyewe: moja, mbili, tatu. Kuzipanga hivyo tunaita montaji. Mama Berthe aliifanya miaka ishirini na saba, kwanza kwa mkasi na filamu juu ya meza ya taa, halafu kwenye kompyuta, akizisogeza moja moja kwa mkono. Alikosea mara moja tu, mwaka wa kwanza wa kompyuta, na ukimkumbusha anakuambia: "Isidore, funga kinywa."

Mwaka jana tulipata kazi ya kitabu cha nyimbo cha parokia, kurasa mia moja tisini na mbili. Papa Adolphe akasema montaji ya mkono inatuchelewesha, lazima programu. Akamwita Mama Berthe mbele yangu.

"Mama, weye njo unajua. Weye utachagua."

Halafu akaangalia dirishani, akaongeza neno jingine. Katika chumba cha montaji walikuwa wawili, Mama Berthe na Joëlle, binti aliyeingia miaka miwili tu iliyopita, mshahara wake nusu ya ule wa Mama Berthe. Programu ikifika, alisema, atabaki mmoja.

Masikio yangu yaliwaka moto. Mume wa Mama Berthe mgongo umemkataa, hatoki nyumbani, na wajukuu watatu wanakula kwa mkono wake. Unamwambiaje mtu huyo achague kitu kitakachomtoa kazini? Tulipotoka nikamwambia akatae.

"Nikatae juu ya nini?" akanijibu. "Programu inatakiwa. Weye mwenyewe kila siku unalalamikaka: plaki zinachelewa, plaki zinachelewa."

Kweli, nalalamika. Plaki ni yale mabati membamba yanayobeba sura ya kurasa, na bila hayo mashine yangu inakaa bure.

Akaja Jean-Luc kutoka Lubumbashi, muuzaji, viatu vinang'aa, na programu mbili kwenye kompyuta yake. Moja kubwa, inafanya yote: inapokea faili, inakagua herufi, inapanga kurasa, inatuma kwenye plaki. Lakini ndani yake ni orodha za vipimo na namba tupu, na usipokuwa na karatasi nzima kichwani mwako unapotea. Ya pili ndogo, inapanga kurasa tu, lakini inakuchorea karatasi kwenye kioo cha kompyuta, mbele na nyuma, unaiona kama ilivyo. Mama Berthe akaomba zote mbili zijaribiwe kwa kazi ya kweli, si kwa maneno.

Wakaanza na ile kubwa. Jean-Luc akauliza: "Mama, karatasi ikitoka upande wa kwanza, munafanyaka nini?"

"Tunageuzaka."

Akaandika. Plaki zikatoka, nikachapa mbele, nikageuza, nikachapa nyuma. Ee Mungu wangu! Nyimbo zote za nyuma zilikuwa kichwa chini.

"Mama alisema kugeuza," Jean-Luc akasema, mikono juu. Papa Adolphe akamtazama Mama Berthe kwa namna ambayo sikuipenda hata kidogo. Nikafungua kinywa nimwage yangu, Mama Berthe akanizuia kwa kidole kimoja.

Akachukua karatasi tupu, akaikunja mara tatu, akaandika namba kwenye kila pembe, akaikunjua juu ya ile iliyoharibika. Akatazama kitambo.

"Programu haikukosea," akasema. "Na Isidore hakukosea. Ni kile kineno. Kwetu hapa, kugeuza ni kuipeleka kando, meno ya mashine yanakamata upande ule ule. Kuipeleka kichwa kwa miguu, ile tunaita kupindula. Weye, papa, kwako kugeuza ni nini?"

Jean-Luc akakuna shingo. Kwake kugeuza ilikuwa ile tunayoita kupindula. Tukacheka, naye akacheka, lakini Mama Berthe hakucheka. Alikuwa anafikiri.

Akafungua ile ndogo. Kwenye kioo karatasi ikaonekana pande zote mbili, na kosa lile lile ungeliona hapo hapo, kabla plaki haijatoka. Tena ilikubali upange mara moja na kuupa mpango huo jina unalotaka mwenyewe. Akaandika: GEUZA, MENO YALE YALE. Akaandika wa pili: PINDULA. Halafu akamwita Joëlle, akasimama nyuma yake bila kusema neno. Joëlle akapanga kurasa kumi na sita kwa dakika nne, nami nikachapa. Mbele sawa, nyuma sawa.

Papa Adolphe akatuita. "Mama, gani?"

"Ile ndogo. Kosa linaonekana mbele ya plaki kutoka. Mashine yetu haitaki zaidi ya pale."

"Na ile, Joëlle anaiweza peke yake?"

"Anaiweza. Umeona."

"Na ile kubwa?"

"Ile kubwa, hapa ndani, ningeiweza minye tu."

Papa Adolphe akakohoa. "Sasa weye, Mama?"

"Patron, uliniuliza chombo gani ni kizuri. Haukuniuliza minye nitakula nini."

Alisema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniua. Joëlle akaanza kulia, Mama Berthe akamwambia apanguse macho, anaweza kulowesha kibodi. Akakaa naye wiki tatu, mpaka karatasi zote kumi na mbili za kitabu zikatoka, akimfundisha hata vile vitu ambavyo hajawahi kunifundisha mimi. Jumamosi akakusanya rula yake na miwani, akatuaga mmoja mmoja, akaenda mtaani kwao Kikula kwa mguu.

Watu wananiuliza kama alielewa kwamba ile kubwa ingemlinda. Alielewa kabla yetu sote, alipokuwa amesimama pale bila kucheka. Angesema neno moja tu, kwamba ile kubwa ndiyo nzuri, na hakuna mtu katika nyumba ile angejua sababu yake. Mimi ningelisema. Ningeichagua ile kubwa siku ile ile, na ningeeleza sababu zangu vizuri sana.