Shati la Kijani Kwenye Sayari Isiyo na Barrière

Mkiniona nazunguka njia ya juu, ile yenye matope, ilhali njia fupi ya kufika kwangu inapita mbele ya salle, ukumbi wa parokia yetu hapa Nyalukemba, msifikiri napenda kuchafua viatu, ni aibu tu inanizungusha, na leo kwa kuwa mmenibana sana nitawaambia, ila anayetaka kucheka acheke mapema, maana tukifika katikati hapachekeki.

Ilikuwa wakati wa vita, vile vya pili (au vya tatu, mimi nilichoka kuvihesabu), barabara ya Kamituga imekatika, kila kona ina barrière na kila barrière ina mtu wa kukuuliza unatoka wapi na una nini mfukoni, na mimi nilikuwa nafanya kazi katika studio ya picha yenye kompyuta moja na skana moja, na nilijiona mtu mkubwa kwelikweli, kwa sababu mtaa mzima hapakuwa na msichana mwingine aliyejua kushika kile kipanya bila kukiminya kama kiazi. Binamu yangu alikuwa ameniletea kutoka Bujumbura CD ya masomo, inaonyesha jinsi watu wa sinema wanavyotengeneza nchi ambazo hazipo: unachukua picha ya mlima wa kweli, unachukua mbingu ya picha nyingine, unaunganisha, halafu unapaka rangi juu ya mishono mpaka mtazamaji anaapa kwamba mahali hapo papo na waigizaji wamesimama hapohapo. Niliangalia ile CD mpaka nikawa naota milima.

Basi vijana wa parokia wakawa wanatayarisha théâtre, yaani mchezo wa kuigiza, wameitoa katika hadithi ya bibi zetu, ile ya nchi iliyo nyuma ya mwezi ambako mtu anatembea usiku na mchana bila kuulizwa anakwenda wapi, wao wakaiita Sayari isiyo na Barrière, na walitaka kuning'iniza nyuma yao pazia lenye maua. Pazia la maua, kwenye sayari! Nikasema hapana, niachieni mimi, abbé, padri wetu, aazime ile mashine ya kutupa picha ukutani kutoka ofisini kwa rafiki yake, na mimi nitawachorea sayari yenyewe. Nani aliniambia nijitolee? Hakuna. Kiherehere changu tu.

Nilifanya kazi kila courant, yaani umeme, iliporudi. Ziwa letu nililipindua juu chini likawa mbingu, vilima vya Kalehe nikavipaka zambarau, kichuguu nikakivuta mpaka kikawa mnara, miezi nikaweka miwili (mmoja ulikuwa sahani ya bati ya mama, ukitazama vizuri unaona mahali ilipobanduka rangi). Ilikuwa nzuri, nasema bila haya, ilikuwa nzuri mpaka mwenye studio aliita jirani kuja kuona. Lakini ilipungukiwa na kitu kimoja. Wale wa CD walikuwa wamefundisha kwamba mandhari bila mtu haina ukubwa, weka mtu mmoja mdogo pembeni, hapo mlima utakuwa mlima.

Na mtu nilikuwa naye tayari ndani ya kompyuta, ole wangu.

Wiki chache nyuma Tonton Ghislain alikuwa ameingia studio na picha iliyokunjika, ililetwa na mtu aliyetoka Kamituga kwa miguu, ni wanaume kwenye ubatizo, wamejipanga mstari, na mmoja wao ni kaka yake, Papa Noella, yule fundi wa redio ambaye mtaa mzima ulimjua, aliyekwenda kule na sanduku lake la vyuma kabla barabara haijakatika na hakurudi. Pamoja na picha, yule mtu alileta habari kwamba Papa Noella hayupo tena. Mke wake, Maman Noella, alikuwa hajaambiwa. Yeye kila siku alikuwa anasema bwana wake yuko njiani.

"Furaha," Tonton aliniambia polepole, "unikuzie hii sura ya kaka, uitoshe katikati ya bengine. Lakini usionyeshe mutu, ata bibi yake. Kisha théâtre tutakwenda na abbé kumuambia sisi benyewe, njo tuweke matanga."

Mnajua kwetu: matanga bila picha kubwa ya marehemu mezani, yenye fremu na kitambaa cheupe, ni kama hayajawekwa, na pale ambapo hakuna hata mwili ile picha ndiyo mwili wenyewe. Nikaitoa sura yake katikati ya wenzake, nikaikuza, nikaificha ndani ya kabati. Lakini katika ile picha Papa Noella alikuwa hatazami kamera kama wenzake, alikuwa amegeuza uso pembeni na kutazama juu, labda ndege ilipita, hata sijui, na mimi nikaona, jamani, mtu huyu anatazama miezi yangu miwili. Nikamkata nikamweka pembeni ya ziwa. Shati lake lilikuwa jeupe, likawaka sana mbele ya zambarau, nikalipaka kijani. Kwenye kompyuta alikuwa mdogo kama ukucha. Nikajiambia hata mama yake hawezi kumtambua.

Mashine ya abbé sikuijaribu hata mara moja, kwa sababu ilifika Jumapili yenyewe.

Salle ilijaa, madirisha tumeyaziba kwa blanketi, jenereta inanguruma nje, ukutani tumebana mashuka manne ya masista. Nikabonyeza. Watu wote wakavuta pumzi pamoja, uuu, na mimi kichwa kikavimba, nikatazama uso wa abbé kuona kama amependa, sikutazama ukuta. Kisha nikatazama ukuta. Mtu wangu wa ukucha alikuwa amesimama pembeni ya ziwa, mrefu kama mtu, uso wake uko wazi mpaka alama aliyokuwa nayo juu ya nyusi unaiona.

Ningeizima. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikuizima. Mkono ulikuwa juu ya meza na haukwenda popote.

Maman Noella alikuwa na akina mama wa kwaya, mstari wa mbele. Alisimama. Akapita katikati ya waigizaji waliokuwa ndiyo kwanza wanashuka kwenye ndege yao ya maboksi, akaenda mpaka kwenye shuka, akaweka kiganja juu ya lile shati, na miezi yangu ikawa juu ya mgongo wake. Watu walifikiri ni sehemu ya mchezo. Wakapiga makofi.

Makofi yalipoisha akageuka, macho yanaumizwa na ile taa.

"Furaha, hii foto ya papa Noella ilitoka wapi?"

"Maman, ilitoka... ilitoka Kamituga."

"Ililetwa siku gani?"

"Mwezi uliopita, maman."

Ni kweli, ililetwa mwezi uliopita, sikudanganya hata neno moja, na hakuna uongo niliowahi kusema uliofanya kazi mbaya kama ule ukweli. Kwa sababu Maman Noella aliwageukia watu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza bei ya mchicha:

"Hii shati ya kijani hakukuwa nayo. Miye njo nilikuwa namufulia, najua manguo yake yote. Aliiuza kule, kisha kutoka hapa. Iko muzima."

Mnajua kwetu mtu akisema kuuza kumbe amenunua, basi salle nzima ikaelewa kwamba shati amelinunua baada ya kuondoka hapa, kwa hiyo yuko hai, na salle nzima ikalipuka. Akina mama wakamkumbatia, mwingine akaanza vigelegele, kwaya ikaanzisha wimbo wa shukrani bila kungoja mtu awape sauti, abbé amenyoosha mikono anaomba utulivu ambao hakuna aliyempa, na yule kijana aliyeigiza mkuu wa sayari akawa analia na masharubu yake ya makaa yanamtiririka. Mlangoni nikamwona Tonton Ghislain. Alikuwa amesimama, kofia mkononi, ananitazama mimi tu.

Hapo mtu mwenye akili angefanya nini? Angemwendea abbé akamnong'oneza, angemvuta Maman Noella nje, kwenye upepo, angeongea naye taratibu. Mimi nilishika mikrofoni. Niliona kila mstari wa wimbo unazidi kumpandisha yule mama juu, nikaogopa atakakoangukia, nikasema mbele ya watu wote, na kikuza sauti kikanisaidia vizuri sana:

"Munisamehe. Ile shati ni miye nilipaka rangi. Ile foto ni ya matanga."

Wimbo haukukatika mara moja. Uliisha sauti moja moja, mpaka akabaki mzee mmoja wa besi ambaye masikio yake ni mazito, na mtu akamgusa bega. Kisha ikabaki jenereta.

Maman Noella hakulia. Alikuja mpaka kwenye meza yangu, akasema, "Nionyeshe."

Sikuelewa.

"Nionyeshe vile ulifanya."

Basi nikamwonyesha, na salle nzima ikaona, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuzima ile mashine. Nikaondoa miezi. Nikaondoa mnara. Nikaondoa vilima, nikaondoa ziwa la mbinguni, kila kitu kwa zamu yake jinsi nilivyokipanga, mpaka akabaki Papa Noella peke yake kwenye shuka tupu, anatazama juu mahali ambapo hapakuwa na kitu. Nikasimama hapo.

"Na shati," Maman Noella akasema.

Nikaondoa kijani. Likawa jeupe.

Alilitazama muda mrefu. "Ile naijua," akasema. "Ile kola, miye njo niligeuza, ilikuwa imekwisha." Hapo Tonton Ghislain akafika kumshika.

Matanga yaliwekwa kesho yake. Mimi sikuwa na uso wa kwenda, nilijifungia studio, nikasema nitapeleka ile picha kubwa kwa mkono wa mtu mwingine. Lakini asubuhi ileile mlango ukagongwa na ni yeye mwenyewe, kitambaa cheusi kichwani, nikaanza kuomba msamaha kabla hajakaa, nikaomba mpaka maneno yakaniishia, na yeye akangoja niishe jinsi mnavyongoja mvua.

"Umenifanya vibaya, Furaha," alisema. "Sitakudanganya. Lakini sikukuya juu ya ile. Ile foto ya matanga, irudishie shati ya kijani."

"Maman, watu watasema..."

"Baseme. Ile nyeupe alikuwa nayo wakati alikufa. Ile ya kijani, tuliimba."

Nikalirudisha, nikaichapa upya. Ikakaa mezani siku zote za matanga, na watu waliopita kutoa pole walikuwa wanasema, loo, alikuwa na shati nzuri.

Niliapa siku ile sitachukua tena uso wa mtu bila kumuuliza yeye au wake, na kiapo hicho nimekishika. Kuchora sikuacha, nyinyi wenyewe mmeziona picha zangu pale studio, milima, miezi, maziwa yaliyopinduka, na wateja wote huuliza swali lilelile, mbona nchi nzuri hivi hamna mtu hata mmoja. Nawaambia wako ndani ya nyumba.