Dani Alisema Nini Kuhusu Ngoma Yetu

Mwanangu, kabla hujaondoka, sikiliza: katika siku nyingi za ujana wangu nakumbuka moja iliyoanza na mbuzi kushushwa kwenye lori pale kwetu Mua, wanawake wakipiga vigelegele na baba yangu akijaribu kuificha furaha yake nyuma ya kikohozi. Ilikuwa siku ya ntheo ya dada yangu Mumbua. Nyinyi wa siku hizi mnaijua ntheo kwa picha za simu tu, kwa hivyo acha nikukumbushe. Kwetu Ukambani msichana hajaolewa mpaka mbuzi wafike nyumbani kwao, wapokelewe, na wazee waseme ndiyo. Padri anaweza kubariki na cheti kinaweza kuandikwa, lakini mbuzi wakibaki nje ya zizi, bado hakuna ndoa.

Mbuzi hao walitoka Athi River, na watu waliowaleta hawakuwa Wakamba. Mchumba wa Mumbua aliitwa Owino, kijana Mjaluo mrefu, mpole wa maneno, fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja huko chini. Walijuana kwenye kwaya, yeye akiimba sauti nzito na dada yangu akijifanya hamwoni. Siku hiyo alikuja na wajomba zake, shangazi zake, na nyanya yake aliyemlea, mama mzee aliyesafiri kutoka Siaya. Kwao nyanya huitwa Dani, na sisi sote tukamwita hivyo. Alikuwa amejifunga kitambaa cheupe kichwani, na miguuni amevaa raba za mjukuu, maana magoti yalikuwa yanamsumbua na viatu vya heshima vilimshinda.

Upande wetu, mwenye neno la mwisho alikuwa nyanya yetu, Susu Kalondu, mama yake baba. Baba alikuwa amekubali nusu, akingoja mama yake akubali ile nusu nyingine. Baba mdogo Musyoka, ndugu yake baba, yeye alikuwa amekataa kabisa. Hakuwa mtu mbaya, mwanangu. Alimpenda Mumbua kama mtoto wake wa kumzaa, na alikuwa akisema, "Msichana akiolewa mbali hivyo, wajukuu watakuja kutusalimu kama wageni." Hofu ikikaa sana moyoni huvaa nguo za hasira.

Sasa tatizo likawa lugha. Susu alijua Kikamba pekee. Dani alijua Kijaluo pekee. Wazee wakatupanga hivi: Owino akae kando ya Dani, mimi nikae kando ya Susu. Dani akisema kwa Kijaluo, Owino anatuambia kwa Kiswahili, nami nampa Susu kwa Kikamba. Susu akijibu, maneno yanarudi kwa njia ile ile. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu juzi tu, na kazi ile niliiona nyepesi kama kubeba kikapu kitupu.

Na kweli, mwanzo ulikwenda vizuri. Salamu zilifika. Habari za safari na za mvua zilifika. Ilipofika habari ya magoti, wale akina mama wawili walielewana hata kabla hatujafungua midomo. Dani alishika goti lake akakunja uso, Susu akashika lake akakunja uso zaidi, na uwanja wote ukacheka. Nikajiambia, Nduku, leo tunaoza.

Ndipo wasichana wakatoka kucheza. Unajua ngoma yetu: filimbi, mabega yanayotikisika kama yana akili yao, na miguu inayoshuka chini pamoja mpaka vumbi linainuka. Nilimwona Dani akiinama mbele kwenye kiti. Fimbo yake ilianza kugonga chini polepole, kisha akamgeukia Owino na kusema maneno marefu, macho hayatoki kwa wachezaji. Owino alisikiliza, akatabasamu, akajikuna shingo.

"Shemeji," akaniambia, "nyanya anasema nyinyi mko na mdundo."

Nikamgeukia Susu nimpe kwa Kikamba.

Mdundo! Mwalimu wetu wa muziki chuoni alikuwa akiuita ridhimu. Rafiki yangu mmoja wa Mombasa aliyependa mashairi alikuwa akiniambia habari ya mizani. Na moyo nao una mapigo. Kwa Kikamba nilikuwa na neno la wimbo, la ngoma, la mguu. Lakini kile kitu kinachoufanya mguu wa huyu ushuke pamoja na mguu wa yule, nilichokicheza tangu nilipojua kusimama, sikujua kinaitwaje. Labda neno lake lipo, mwanangu, na labda wewe unalijua. Siku hiyo halikunijia.

"Amesema nini?" Susu akaniuliza.

Nikabaki kimya, natafuta.

"Nduku, mgeni amesema kitu na wewe umenyamaza. Ni matusi?"

Mpiga ngoma aliona sura ya Susu, akaacha kupiga. Wasichana wakasimama. Katika kimya kile ndipo baba mdogo Musyoka aliposimama. Alikuwa ameendesha malori njia ya Mombasa miaka mingi, na Kiswahili chake alikiamini kuliko breki zake.

"Mimi nitakuambia, mwaitu," akamwambia mama yake kwa Kikamba, kwa lile neno letu la kumwita mama. "Mdundo ni kishindo. Huyu mama anasema watu wa hapa wako na kelele."

Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja. Susu aliweka chini kibuyu cha uji alichokuwa amekishika. Mlangoni mwa nyumba nilimwona Mumbua, leso mdomoni, na kule nje ya zizi mbuzi walikuwa bado wamefungwa kambani, hakuna aliyethubutu kuwafungulia.

"Mwambie," Susu akaniambia polepole, "kama tuko na kelele, barabara ya kurudi Athi River iko kimya."

Watu wote wakanitazama mimi, kwa maana sentensi ile ilikuwa lazima ipite kinywani mwangu. Owino hakuelewa maneno, lakini sauti aliielewa. "Shemeji," akaniuliza kwa wasiwasi, "kwani kumeharibika?"

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na nilijua nikiupeleka ujumbe ule, hata Mungu angepata kazi kuurudisha. Nikapiga magoti mbele ya Susu.

"Susu, hilo siwezi kulipeleka. Sijui Dani amesema nini. Baba mdogo naye hajui. Nipe ruhusa nikamuulize mwenyewe."

Wazee wakaguna. Msichana kukataa kutumwa na nyanya yake, mbele ya wageni! Baba aliangalia viatu vyake. Susu akasogeza kibuyu chake kando, nipate njia.

"Enda," akasema.

Nikavuka uwanja, nikachuchumaa mbele ya Dani. "Owino," nikasema, "hilo neno lako limekataa kuingia kwa Kikamba. Muulize, mdundo gani? Aniambie kama anayemwambia mtoto."

Owino akamuuliza. Dani hakukasirika hata kidogo. Alifikiri, akatazama upande wa jikoni, kisha akainua ngumi zake mbili mbele ya kifua. Moja ikapanda, nyingine ikashuka. Iliyoshuka ikapanda, iliyopanda ikashuka. Huku anazungumza, na Owino anamfuata nyuma.

"Anasema ni kama wanawake wawili wanatwanga kwa kinu kimoja. Hakuna mwenye anamwambia mwenzake, sasa ni zamu yako. Lakini michi haigongani. Anasema hivyo ndivyo ameona miguu ya wasichana wenu. Anasema nyumba yenye iko na hiyo kitu, watu wake wanasikizana. Na amefurahi kwa sababu mimi nimepata kuoa hapa."

Sikumngoja amalize vizuri. Nilimgeukia Susu, na Kikamba kikanitoka bila kukitafuta, kwa maana ni nani Ukambani asiyejua kutwanga muthokoi? Ni mtoto gani kwetu ambaye hakulala akisikia mama na shangazi wakikoboa mahindi kwenye kinu, mchi wa huyu ukiingia wa yule ukitoka?

Susu alisikiliza mpaka mwisho. Akazitazama ngumi za Dani, ambazo zilikuwa bado zinapanda na kushuka hewani, zinamngoja.

"Leteni kinu," akasema.

"Mama," baba akaanza, "wageni hawa bado hata hawajala..."

"Nimesema leteni kinu."

Kinu kikaletwa katikati ya uwanja, na ndani yake mahindi ya kesho yaliyokuwa yamelainishwa kwa maji. Susu akashika mchi. Dani akampa Owino fimbo yake, akakaza kitambaa kichwani, akashika wa pili. Wajomba wa Owino walitaka kumzuia kwa ajili ya yale magoti. Aliwaambia neno moja la Kijaluo na wote wakakaa chini, hilo halikuhitaji mkalimani.

Mwanzo michi iligongana, kwa! Mahindi yakaruka nje na kuku wakayakimbilia. Dani akacheka. Susu naye akacheka na meno yake machache yote. Wakajaribu tena, ikagongana tena. Kisha Susu alifanya jambo ambalo sijalisahau: aliacha kutazama kinu, akamtazama Dani usoni. Mchi wake ukapanda, wa Dani ukashuka. Wa Dani ukapanda, wake ukashuka. Ndu, ndu, ndu, ndu, hakuna anayemngoja mwenzake na hakuna anayemkimbiza.

Mpiga ngoma hakuambiwa na mtu, alianza kuwafuata. Mama zetu wakaanza wimbo wetu wa kutwanga. Shangazi za Owino nao wakaanza wa kwao, kwa Kijaluo, na zile nyimbo mbili zikakaa juu ya kinu kimoja bila kusukumana. Mumbua akatoka mlangoni akikimbia, ingawa bi harusi wa ntheo hapaswi kukimbia, akasimama kati ya nyanya wawili akipiga makofi na machozi yakimtiririka.

"Musyoka!" Susu akaita, pumzi zimemwishia lakini hasimami. "Hii ni kelele?"

Baba mdogo akavua kofia yake. "La, mwaitu. Hii ni chakula."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu.

"Basi kafungue zizi."

Na akaenda, mwanangu. Aliwafungua mbuzi kwa mkono wake mwenyewe, akawaingiza ndani, kisha akarudi kucheza kwa nguvu kuliko vijana, na mbuzi mmoja akabaki anaitafuna ile kofia aliyokuwa ameiangika kwenye mti wa zizi.

Jioni, jua likiwa bado juu ya vilima, Susu aliniita jikoni. Nilidhani nakwenda kusifiwa.

"Leo ulinitia hofu," akasema.

"Sikuwa na neno, Susu."

"Kukosa neno si kosa. Asiye na neno anauliza. Lakini ulikaa kimya, na ukimya wako Musyoka akaujaza kwa la kwake. Siku nyingine usituachie shimo. Sema, hapa sijui, naenda kuuliza. Umesikia?"

"Nimesikia, Susu."

"Haya. Kula nyama yako."

Mumbua na Owino walijenga Athi River, na watoto wao wanazungumza Kikamba na Kijaluo, pamoja na hicho Kiswahili chao cha mitaa ya Mlolongo ambacho mimi hunipita masikio yote mawili. Wanatusalimu kama wenyeji, tena wanakula bila kukaribishwa. Dani alikuwa akija Mua wakati wa kuvuna mbaazi. Yeye na Susu walikaa kivulini wakipukuchua, huyu kwa Kikamba, huyu kwa Kijaluo, wanajibizana na kucheka. Siku moja nilisogea nikitaka kuwatafsiria. Susu akanitazama, akaniambia, "Wewe enda uchote maji."

Tangu hapo nimetafsiri mengi: mahubiri kanisani, maneno ya wauguzi kwa wagonjwa, ugomvi wa mipaka, posa za watu. Maneno mengi yamenikatalia. Nyinyi mna simu, na simu hukupa neno kabla hujamaliza kuuliza. Itumie, sikukatazi. Lakini sijaisikia ikisema, "Ngoja, hapa sijui, acha nikamuulize mwenyewe."

Kwa hivyo nasaha yangu kwako, mwanangu, ni hii. Ukibeba neno la mtu, umebeba mtu, usimdondoshe njiani. Likikosa jina katika lugha unayokwenda, usiliwekee jina la uongo ili uonekane mjuzi, wala usinyamaze, kwa sababu palipo na ukimya mwenye hofu atapanda mbegu yake. Rudi kwa aliyelisema, umwombe akuonyeshe kwa mikono, kwa kazi ya nyumbani kwao, kwa kile anachokipenda. Watu hawafanani maneno, lakini wanafanana kazi na furaha, na huko ndiko utakakopata njia ya kupita. Na ukitumwa kupeleka neno la hasira, uliza mara nyingine kabla ya kwenda, hata kama anayekutuma ni mkubwa wako. Kuuliza kwa magoti si utovu wa adabu.

Ngai Mwenyezi akupe masikio mapana kuliko kinywa chako. Akupe ulimi usioogopa kusema sijui. Uendako ukute watu wa kucheka nawe hata kabla hamjajuana majina, na watoto wako warithi lugha nyingi na moyo mmoja. Enda salama, mwanangu, na ukabarikiwe.