Gari la Mhina Halinywi Ovyo

Pale Misima, ukitaka kumuudhi Mhina usihangaike kumtukana. Mwambie tu kwamba oili zote ni sawa. Atashuka garini, atavua kofia, na hapo umekwisha, utahubiriwa mpaka ujute. Gari lake ni saluni ya zamani, na ndilo linalomlisha: hukodiwa kupeleka wagonjwa Handeni mjini, wageni stendi ya Korogwe, na maharusi popote wanapoolewa. Tangu alinunue halijanywa kitu kisicho na nembo ya kiwanda kilicholiunda. Oili ya injini, ya breki, ya gia, hata maji ya rejeta, vyote huviagiza Tanga. Yeye mwenyewe anavaa mitumba na kandambili zilizoshonwa, lakini gari, loo!

"Gari linakunywa orijino," mkewe Maryamu huwaambia majirani, "mimi napikia mafuta ya kupima."

Basi mwaka huu binti wa nyumba ile, Mwaija, akaposwa Magoma. Na hapa niseme jambo ambalo Misima nzima inalijua ila haisemi mbele ya Mhina: Mwaija si wa kumzaa. Maryamu aliolewa akiwa naye mgongoni, baba yake ameshafariki, na Mhina akampokea, akamlea, akamsomesha. Lakini ndoa ina sheria zake. Wa kumwozesha ni walii, na walii hutoka upande wa damu: baba yake mkubwa, mzee Ramadhan wa Korogwe. Mhina hakubisha, ingawa ilimuuma, tena sana. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba yeye ndiye ampeleke bibi harusi kwa mumewe, kwa gari lake mwenyewe. Akakubaliwa, na kwa wiki nzima akawa mtu wa kucheka ovyo.

Shetani hana likizo. Harusi inakaribia, gari likaanza kunguruma bila kwenda. Kuinama chini, oili ya gia inavuja. Likavutwa mpaka Handeni kwa shemeji yake Mustapha, mdogo wake Maryamu, fundi mwenye mikono mizuri na mdomo mbaya. Mustapha akabadilisha sili iliyochoka, ule mpira unaozuia oili isivuje, akasema gia zenyewe ni nzima, kilichobaki ni kujaza oili.

Mhina akapiga simu Tanga. Mwenye duka akamwambia oili ile kiwanda kimeacha kuitengeneza, maana magari ya aina hiyo yamezeeka. Iliyochukua nafasi yake mpaka itoke Dar, na haitawahi harusi.

"Chukua hii," Mustapha akasema, akimpa chupa. "Ya kampuni nyingine, lakini soma huku nyuma, aina ya gia zako imetajwa. Mfuniko haujaguswa, nimeinunua mwenyewe duka ninaloliamini. Namwaga masalia ya zamani, nasafisha chujio, najaza hii. Kinachotakiwa ni kiwango, shemeji, si picha ya kwenye chupa."

"Sitaki! Likizimika njiani na mwanangu yumo ndani, watu wa Magoma watasema nini?"

"Watasema bwana harusi ana bahati, mkwewe hana gari la kuja kula kwake kila Ijumaa."

Siku nyingine Mhina angemrudishia palepale, maana wale kwa utani hawajambo. Siku hiyo aliketi tu juu ya tairi bovu, uso umemshuka. Alirudi nyumbani kwa bodaboda, akasimama mlangoni mwa chumba alimokuwa Mwaija, mikono yake imejaa hina.

"Mwanangu, tutakodi gari la Godfrey, yule wa teksi. Litakupeleka yeye akiendesha." Akaeleza yote.

Mwaija alimsikiliza mpaka mwisho. "Baba, hiyo oili inafaa gia zetu au haifai?"

"Mustapha anasema inafaa. Ila haikutoka kiwanda kimoja na gari."

"Mimi na wewe nasi hatukutoka kiwanda kimoja, baba. Mbona tumekwenda vizuri mpaka leo?"

Mhubiri wa Misima nzima kakosa neno! Akatoka nje, akampigia Mustapha simu.

"Jaza."

"Nijaze nini, shemeji? Sikusikii vizuri."

"Jaza, mshenzi wewe, kabla sijabadili mawazo!"

Siku ikafika. Mzee Ramadhan akaozesha, na Mhina akaketi nyuma kwenye mkeka, akiitikia dua pamoja na wageni. Kisha wakapanda garini: mzee mbele, Mwaija na shangazi yake nyuma. Mhina aliendesha huku ametega sikio kila gia inapobadilika. Walipita Korogwe, wakaingia barabara ya vumbi ya Magoma, na gia zinaingia laini kama kawaida. Karibu na kufika alianza kupiga mluzi, shangazi akamwambia anyamaze, bibi harusi hapelekwi kwa mluzi.

Magoma wakapokewa kwa vigelegele. Wazee wa upande wa bwana harusi wakamwendea Ramadhan, wakamsalimia kwa heshima. "Mzee wetu, tukabidhi mwana."

Ramadhan akatikisa kichwa. "Mimi nimeozesha tu. Wa kukabidhi ni baba yake."

"Yuko wapi?"

Boneti lilikuwa wazi, na Mhina kichwa kimezama ndani, eti anakagua oili. Alikuwa amesikia kila neno. Mwaija akamwita, na alipoinua uso watu wakaangua kicheko: alikuwa amejifuta machozi kwa tambara la oili, mashavu yote meusi. Akaja hivyohivyo, akamshika mwanawe mkono mbele ya wageni wote, akawakabidhi.

"Mtunzeni," akasema.