Fundi Aliyejilaza kwenye Buti

Kila asubuhi, kabla hajagusa gari, yule mama fundi wa yadi ya kuuza magari inayotazamana na dirisha letu alikuwa akinawa mikono mpaka viwikoni. Mafundi wengine hunawa wakimaliza. Yeye alikuwa akisema gari la mtu haliguswi na mikono ya jana. Baba alipokwenda kuchagua kati ya stesheni wagoni mbili za Kijerumani, zile gari ndefu zenye buti pana, nyeusi na ya kijivu, za kampuni mbili zinazoshindana, nilifuatana naye. Bosi wa yadi aliisifia nyeusi mpaka mate yakamkauka. Fundi aliuliza swali moja tu: "Atapanda nani?" Baba akamwambia ni mama yake, bibi yangu, mgongo umemwisha, hospitali anapelekwa amelala. Basi fundi akajilaza chali kwenye buti la ile ya kijivu, akafumba macho. "Haya, endesha," akamwambia baba. Wakazunguka yadi. Akahamia nyeusi, wakazunguka tena. Aliposhuka alifunua zulia la buti, akapitisha kidole kwenye kovu la kuchomelea. "Hii iligongwa nyuma. Mama yako atalia kila shimo."

Bosi alikuwa amemkonyeza mpaka jicho likachoka. Sasa akafoka, "Wewe mama, unakula kwa nani?"

"Chema chajiuza, bosi. Hii umeitembeza tangu asubuhi."

Baba alicheka. Fundi akatundika ovaroli msumarini, akatoka getini shingo wima, hakurudi. Ovaroli naiona pale kila asubuhi ya hospitali, nikinawa mpaka viwikoni kabla ya kumlaza bibi kwenye ile ya kijivu tuliyonunua.